Devdas Mlangoni kwa Paro: Sinema na Kumbukumbu za Mapenzi Yaliyopita



Ukimuuliza mtu habari ya yule aliyempenda ujanani akamkosa, mara nyingi hakupi habari, hukupa sinema. Atakueleza kuwa palikuwa na dirisha, palikuwa na mvua, palikuwa na baba mkali, na mwisho palikuwa na machozi. Ukimsikiliza vizuri utaona kwamba hadithi yake ina stelingi mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Yeye hakukosea kitu. Alizuiwa. Na tangu siku ile, asema, moyo wake haukupona.

Namna hii ya kukumbuka haikuzuka hewani, ina mwalimu wake. Katika makala haya twataka kumtazama mwalimu mmoja mashuhuri aliyewafundisha watu wengi jinsi ya kulilia penzi lililopita. Mwalimu huyo si mtu, ni picha ya Kihindi, na jina lake ni DEVDAS.

ASILI YA PICHA HII

Kisa cha Devdas kilitungwa kwa Kibengali na mwandishi Sarat Chandra Chattopadhyay, kikachapishwa mwaka 1917. Mwaka 1928 kilikwisha kuwa picha isiyo na sauti. Mwaka 1935 P.C. Barua wa kampuni ya New Theatres ya Calcutta alikitoa kwa Kibengali, yeye mwenyewe akiwa stelingi, kisha akakitoa kwa Kihindi, stelingi akiwa mwimbaji K.L. Saigal. Mpiga picha wa ile ya Kihindi alikuwa Bimal Roy, wakati huo bado kijana. Kijana huyo alipokuwa bwana mkubwa wa sinema huko Bombay alikirudia kisa kile kile mwaka 1955: Dilip Kumar akawa Devdas, Suchitra Sen akawa Paro, na Vyjayanthimala akawa Chandramukhi. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali akakitengeneza upya kwa fahari na mapambo mengi, picha ikachukua zaidi ya saa tatu, na Shah Rukh Khan ndiye aliyekuwa Devdas.

Hizo ni baadhi tu. Huko India jina hili limekwisha kutoka kuwa jina la mtu likawa sifa. Kijana akiachwa na mchumba wake, akawa hali wala hanyoi ndevu, huambiwa amekuwa Devdas.

Nasi watu wa pwani ya Afrika Mashariki si wageni wa picha za Kihindi. Kwa miaka mingi zilijaza majumba ya sinema kama Majestic na Cine Afrique kule Unguja, Regal na Naaz Mombasa, Empire, Avalon na Odeon Dar es Salaam. Pakawekwa hata maonyesho ya wanawake peke yao, mama zetu na bibi zetu wakenda na mabuibui yao. Wengi hawakukijua Kihindi, lakini kulia walilia, maana kilio hakihitaji mkalimani. Majumba mengi ya namna ile yamekwisha kufungwa, lakini picha zimehamia katika televisheni na simu za mkononi, na mtindo wa kukumbuka tuliojifunza humo tumekwenda nao majumbani mwetu.

KISA CHENYEWE

Kwa asiyekijua kisa, tukifupishe. Devdas ni mtoto wa tajiri mwenye mashamba. Paro ni mtoto wa jirani. Wamecheza pamoja tangu utoto, kisha Devdas apelekwa mbali kusoma. Arudipo, Paro amekwisha kuwa mwari. Jamaa zake Paro waleta shauri la ndoa, na wazee wa Devdas walikataa kwa kiburi cha ukoo na mali. Devdas akimbilia mjini. Paro aozwa kwa tajiri aliyefiwa na mke, mwenye watoto wakubwa. Devdas aingia katika ulevi. Chandramukhi, mwanamke wa nyumba za ngoma na starehe, ampenda na aiacha kazi yake kwa ajili yake, lakini yeye moyo wake uko kule kule nyuma. Mwisho, akiwa mgonjwa wa kufa, akumbuka ahadi aliyompa Paro kwamba atafika mlangoni kwake kabla hajafa. Afika kwa gari la ng'ombe, naye afia nje ya lango. Paro asikia, akimbia kutoka, na lango lafungwa mbele yake.

Hapo taa za sinema huwashwa, na watu hutoka wakifuta macho.

BARUA ILIYOSAHAULIWA

Sasa, ndugu msomaji, tujiulize swali moja. Ni nani aliyewatenganisha Devdas na Paro? Waulize watu kumi walioiona picha, na wengi watajibu: wazazi.

Jibu hilo si uongo, lakini si kweli yote. Paro alimwendea Devdas usiku, peke yake, akiihatarisha heshima yake yote, akamtaka amwoe. Alikuwa msichana, na alithubutu. Devdas, aliyekuwa mwanamume na mwenye elimu, hakuthubutu. Alikwenda zake mjini, na kutoka huko akamwandikia barua ya kumweleza kuwa hakuwa na mapenzi ya namna hiyo kwake. Barua ile haikuandikwa na baba wala mama. Aliiandika Devdas kwa mkono wake. Alipojuta akarudi, Paro alikuwa amekwisha kuposwa, naye akaulinda utu wake, akamkatalia. Majuto ni mjukuu.

Mtunzi, basi, hakutuficha kitu. Ameieleza barua, na watengeneza picha wameionyesha. Sisi watazamaji ndio tunaoisahau. Twatoka na baba mkali, twatoka na lango lililofungwa, na barua tumeiacha chini ya viti.

Na hivi ndivyo tufanyavyo katika maisha yetu. Mtengeneza picha hupiga picha nyingi, kisha hukaa na mkasi akakata, na zilizobaki akaziunga. Moyo wa mwanadamu nao una mkasi wake, na hukata kwanza zile sehemu zinazomwonyesha mwenyewe akikosea. Kila mwenye kusema "nilizuiwa", basi, na aitafute barua yake. Pengine barua hiyo ni kule kunyamaza kwake siku ile alipotakiwa aseme. Pengine ni posa aliyoiahirisha mwaka hata mwaka. Pengine ni ahadi aliyoitoa huku moyoni akijua kuwa hataitimiza. Akiisha kuiona barua hiyo atakuwa na jambo la kutubia, na toba ni bora kuliko kilio cha miaka thelathini.

JERAHA LILILOPAMBWA

Liko jambo jingine katika kisa hiki ambalo halifai kunyamaziwa. Paro alipomkatalia, Devdas alimpiga usoni mpaka akamtia kovu. Katika kitabu alimpiga kwa ufito wa kuvulia samaki. Katika picha ya mwaka 2002 alimpiga kwa kidani chake cha arusi. Na jeraha hilo halionyeshwi kuwa ni dhulma, bali ni alama ya mapenzi, kitu cha kukumbukia.

Twajua kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kumpiga mtu usoni. Sasa mtu ampige mwanamke usoni kwa kosa la kusema "sitaki", kisha damu yake ipigiwe muziki iitwe mapenzi? La hasha! Hicho ni kiburi cha mtu aliyezoea kupewa kila alitakalo. Na wasichana wakiona haya mara kwa mara watadhani kuwa apigwaye ndiye apendwaye, na wakiwa watu wazima watayasimulia mapigo yao ya zamani kama watu wasimuliavyo zawadi.

WALIOLIPA

Tena tutazame ni nani aliyelipa gharama ya huzuni ya Devdas, maana huzuni ya namna hii huwa na mlipaji.

Wa kwanza ni Chandramukhi. Katika kisa chote yeye ndiye aliyebadilika kuwa bora. Aliiacha kazi ya haramu, akaziacha anasa, akaenda kuishi kijijini maisha ya kimaskini. Alikuwa hai, alikuwa karibu, na alikuwa tayari. Devdas alimwangalia na macho yake yakaona mwingine. Picha ya mwaka 1955 ilipotoka, Vyjayanthimala alitunukiwa zawadi ya Filmfare kwa kuwa mwigizaji msaidizi, naye akaikataa, akasema kuwa sehemu yake ilikuwa sawa na ile ya Paro. Sisi twaona haki ilikuwa yake, na somo lake ni kubwa kuliko zawadi yenyewe. Mwenye kuishi na penzi la jana humgeuza aliye naye leo kuwa mwigizaji msaidizi katika hadithi ya mtu mwingine. Mke anapika, anazaa, anauguza, na bado ni msaidizi.

Wa pili ni Dharamdas, mtumishi mzee aliyemlea Devdas, aliyemfuata na kumuuguza. Katika safari ya mwisho Devdas alimwacha amelala ndani ya treni, akateremka peke yake kwenda kufa kwa Paro.

Wa tatu ni Paro mwenyewe. Katika nyumba ya mumewe alikuwa amejijengea heshima, watoto wa kambo wakampenda, maskini wakamjua kwa ukarimu wake. Kisha mtu akaja kufa langoni kwake, na katika saa moja yote yaliyofichwa yakawekwa hadharani. Watazamaji husema: tazama, ametimiza ahadi! Ni kweli ameitimiza, lakini kwa faida ya nani? Ahadi yake ilimpatia Devdas kifo alichokitaka, ikamwachia Paro fedheha.

Na yuko Devdas mwingine katika picha ya mwaka 2002 ambaye watu hawamtambui. Ni mume wa Paro. Usiku wa arusi alimweleza bibi arusi kuwa moyo wake ungali kwa mkewe aliyekufa, na kwamba yeye ameletwa kuwa mama wa watoto na bibi wa nyumba. Kwa kuwa halewi wala hapigi kelele, watu humwona kuwa mtu mzima mwenye heshima. Lakini ugonjwa ni ule ule. Kuna Devdas wa chupa na kuna Devdas wa kanzu safi, na huyu wa pili ndiye aliye wengi katika mitaa yetu.

Zamani Devdas alihitaji treni na gari la ng'ombe kufika langoni kwa Paro. Leo kidole kinatosha. Mume amelala, mke ashika simu atafute picha ya yule wa zamani, atazame amenenepa au amekonda, ameoa nani. Mke yuko jikoni, mume apeleka salamu tu, asema, "salamu hazina ubaya." Lango la Paro sasa liko wazi usiku na mchana, na nyumba nyingi zimevunjika bila ya majirani kujua nani aliyezivunja.

TUWE WAADILIFU

Mhakiki hapaswi kuwa mchoyo wa haki. Picha ya Bimal Roy ina mambo mazuri. Iko sehemu ambapo Paro amebebwa katika machela na Chandramukhi anakuja kwa miguu, wakapishana njiani, wakatazamana, wala hawakusema neno. Wanawake wawili wanaoumizwa na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Hapo picha yatufundisha kumhurumia mwingine. Bhansali, kinyume chake, aliwakutanisha wakacheza ngoma pamoja kwa mavazi ya kumeremeta. Macho yakafurahi, na maana ikapotea.

Tena walioicheza huzuni hii walijua kuwa si mchezo. Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, aliigiza watu wa namna hii mara nyingi mpaka nafsi yake mwenyewe ikaingiwa na giza. Alieleza baadaye kwamba alitafuta ushauri wa madaktari, akaambiwa aingie katika picha za furaha na vichekesho, naye akafanya hivyo. Aliishi mpaka mwaka 2021. Ikiwa mwenye kuiigiza huzuni kwa malipo alihitaji dawa, je, yule anayeiigiza bure kila usiku nyumbani kwake?

Hata watu wa sinema wenyewe wamechoka. Mwaka 2009 Anurag Kashyap alitoa Dev.D, picha yenye machafu mengi ambayo hatumshauri mtu kuiangalia. Lakini mwisho wake wastahili kutajwa. Humo stelingi hafi langoni. Anageuka akamrudia yule aliyekuwapo.

KUMBUKUMBU YENYE BARAKA

Huenda msomaji akauliza: Je, dini yatutaka tusahau? Moyo ufungwe kama duka? Hapana. Tazama mifano hii.

Barira alikuwa mjakazi, na mumewe, Mughith, alikuwa mtumwa. Barira alipopata uhuru alipewa hiari ya kubaki naye au kuachana naye, akachagua kuachana. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia jinsi Mughith alivyokuwa akimfuata katika njia za Madina, analia, machozi yanatiririka mpaka ndevuni. Mtume (S.A.W.) hakumcheka wala hakumkemea. Alimhurumia, akamwendea Barira kumwombea arudi. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kuwa si amri, yeye anaombea tu. Barira akasema kuwa hana haja naye. Na jambo likaishia hapo. Angalia, ndugu msomaji: machozi ya Mughith yalipewa haki yake, na mlango wa Barira ukapewa haki yake. Hakupigwa kwa kusema "sitaki". Mapenzi ya mmoja hayakufanywa deni juu ya mwingine.

Kisha mtazame Mtume mwenyewe. Bibi Khadija (R.A.) alipokwisha kufariki, alikuwa akimtaja mara kwa mara, hata Bibi Aisha (R.A.) akasema kwamba hakumwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea Khadija, naye hakumkuta. Lakini tazama kumbukumbu hiyo ilikuwa ikifanya nini. Mtume alikuwa akichinja kondoo, akamkata vipande, akavipeleka kwa mashoga wa Khadija. Na alipomtaja alitaja wema wake: alimwamini watu walipomkanusha, alimsaidia kwa mali watu walipomnyima. Alimkumbuka YEYE. Devdas hakumkumbuka Paro. Alijikumbuka mwenyewe alivyokuwa akipendwa. Hii ndiyo tofauti, na ndiyo mizani tunayotaka msomaji aichukue.

Na kama ni kidani, kiko kidani kingine. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, Abul-As, mume wa Bibi Zainab binti Mtume, alikuwa miongoni mwa mateka wa Makureshi. Zainab akapeleka kidani chake kiwe fidia, nacho ni kile alichopewa na mama yake Khadija siku ya arusi. Mtume alipokiona moyo wake ulilainika sana. Akawauliza Masahaba kama wataona vyema kumwachia mateka na kumrudishia Zainab mali yake, nao wakakubali. Kidani cha sinema kilipasua uso wa mwanamke, na kidani cha Khadija kilimfungua mfungwa. Vyote viwili ni ukumbusho wa mapenzi. Chagua kimoja.

Wengine watasema: "Hao walikuwa mume na mke. Mimi wangu hakuwa mke wangu, na leo ni mke wa mtu." Basi kwako jambo ni jepesi zaidi kulielewa, ingawa ni zito kulitenda. Wema uliobaki baina yako na yeye ni sitara. Usimtaje barazani, usiitafute picha yake, usimpelekee salamu za usiku. Ukimwombea Mungu heri, muombee na mumewe na watoto wake. Ukiweza kuwaombea wote hao kwa moyo safi, jua kwamba umepona. Ukishindwa, ujue kuwa bado unajililia mwenyewe.

Na walioachana kwa talaka wakumbuke kuwa Qur'ani, katika Sura ya pili aya ya 237, inapozungumza juu ya talaka, yawaagiza watu wasisahau kufanyiana wema. Haikuagiza wasahau kila kitu. Kumbukumbu ikiwa na wema ndani yake hutoa: hutoa dua, hutoa sadaka, hutoa sifa njema, hutoa malezi mema ya watoto waliozaliwa baina yao. Kumbukumbu ya Devdas hainyooshi mkono ila kuchukua. Huchukua muda wa mke, furaha ya watoto, usingizi wa nyumba, na mwisho humchukua mwenyewe.

Wahenga wetu walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Basi usiku wa leo, ukirudi nyumbani, mtazame aliyekufungulia mlango. Huyo hakupigiwa muziki alipoingia katika maisha yako. Hakuja na mvua wala dirisha. Amekuja na haki, na haki hiyo utaulizwa.

Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kukumbuka kwa wema na kusamehe kwa ukarimu, na azilinde nyumba zetu. Amin.